MJADALA: Mgeni wa safari alale ndani ya hifadhi, au kwenye ardhi ya vijiji?

Mleta mada:

Wadau, salaam. Binamu yangu anarudi nyumbani mwezi wa sita na marafiki zake watatu wa kigeni. Wana usiku nne tu za porini. Kampuni ya utalii imemtumia ratiba mbili. Ya kwanza inawalaza ndani, usiku mbili Tarangire na mbili Serengeti. Ya pili inawalaza nje: Burunge, eneo la jumuiya ya vijiji jirani na Tarangire, kisha Ikona, eneo la jumuiya nyingine jirani na Serengeti, upande wa Robanda, nje ya geti la Ikoma. Bei zinakaribiana. Kaniuliza, "Kaka, tulale wapi?" Nikajikuta natetea jambo ambalo sikuwahi kulisema hadharani: mlale kwenye ardhi ya wanakijiji.

Sababu yangu ni hii. Tarangire ina kilomita za mraba 2,850, lakini wanyama wake hawakai humo mwaka mzima. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, wanajazana mtoni na kila mwenye kamera anafurahi. Mvua zikishuka wanatoka. Nyumbu na pundamilia wengi wanakwenda kuzalia nyanda za Simanjiro, wengine wanapita ushoroba wa Kwakuchinja, njia yao ya asili, kuelekea Manyara, na njiani wanakatisha barabara kuu ya Arusha kwenda Babati, malori yakipita. Mnyama unayempiga picha hifadhini mwezi wa nane, mwezi wa pili anakula nyasi za kijiji. Kijiji kikiona nyasi hizo hazikiletei chochote, kitagawa mashamba. Nani atakilaumu?

Sera ya wanyamapori ya 1998 ndiyo iliyofungua mlango wa vijiji kutenga ardhi, kuunda jumuiya na kuingia mikataba na wawekezaji. Kanuni zikatoka 2002, na mwaka 2006 Burunge na Ikona zikapewa mamlaka ya kusimamia maeneo yao. Kitanda cha mgeni pale kinasaidia njia ya tembo kubaki wazi. Kitanda cha ndani, fedha yake haiendi kijijini moja kwa moja.

Naomba kuwasilisha. Anayepinga aje na hoja.

Dereva wa Kaskazini:

Mkuu, nimeendesha wageni miaka kumi na saba, na hapa nakupinga kwa nia njema.

Safari ni asubuhi. Simba aliyewinda usiku, saa 12 na nusu unamkuta bado ana damu kidevuni. Saa 4 unamkuta amelala kivulini, kinachotikisika ni mkia unaofukuza nzi. Aliyelala Seronera, katikati ya Serengeti, anatoka hemani gizagiza na kumuwahi. Aliyelala nje anasubiri geti lifunguliwe, apange foleni, kibali kikaguliwe, mtandao ugome kidogo, mgeni mmoja aombe choo. Saa nzima imekwenda.

Halafu kuna hesabu ambayo watu wa ofisini huwa hawawaelezi wageni. Kibali cha Serengeti ni cha saa 24 na ni cha kuingia mara moja. Nikiingia geti la Naabi saa 7 mchana na kuwalaza ndani, nina jioni nzima na asubuhi nzima hadi saa 7 kesho yake, kwa kiingilio kimoja cha dola 70 kwa mgeni asiye mkazi, bila kodi. Wakilala Ikona, nikitoka getini jioni kibali kimekufa. Kesho nalipa kingine, na juu yake tozo za jumuiya. Huyo binamu yako atalipia asubuhi asizoziona.

Mleta mada:

Kaka, hesabu ya saa 24 nakubali, ila hukutaja tozo ya kulala ndani, nayo si ndogo. Wageni hawaioni kwa kuwa imefichwa kwenye bei ya hoteli. Na Tarangire si Serengeti. Kutoka Burunge hadi getini ni mwendo mfupi.

Mama Mkulima:

Samahani wanangu, naona mnazungumzia ardhi ya vijiji na hakuna mwanakijiji aliyesema. Mimi nalima ekari mbili za mahindi upande wa ushoroba huo huo mnaoutaja.

Mahindi yakianza kubeba, hatulali ndani. Tunalala shambani juu ya dungu, na debe, na tochi, na pilipili tuliyochanganya na oili chafu tukaipaka kwenye kamba za uzio. Tembo haji kwa kishindo kama mnavyodhani. Unasikia bua moja linavunjika. Kimya. Halafu jingine, karibu zaidi. Ukimulika unaona ukuta wa kijivu umesimama kwenye mistari yako. Asubuhi kuna nyayo za upana wa sinia, na kinyesi kina punje za mahindi nzima nzima. Ukienda kuomba kifuta jasho, malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, unajaza fomu, unasubiri afisa aje apime, unasubiri tena. Msimu wa kupanda unafika bado unasubiri.

Sasa nieleweni. Sipingi wageni. Kijijini kwetu kuna madarasa yaliyojengwa kwa fedha za jumuiya, na mwanangu wa mwisho anasomea humo. Askari wa wanyamapori wa kijiji wanaokuja kutusaidia kufukuza tembo usiku wanalipwa na jumuiya hiyo hiyo. Lakini kuna hoteli zilizo nje ya hifadhi ambazo hazina mkataba wowote na kijiji. Mtu mmoja aliuza eneo lake, mwekezaji akazungushia uzio, basi. Kwenye matangazo wanaandika "jirani na jamii". Sisi jamii tunaona taa zao tu. Kwa hiyo mleta mada, ukimwambia binamu yako alale nje, mwambie aulize kwanza: nje kwa nani?

Mleta mada:

Mama, umenisahihisha. Nilichanganya "nje ya geti" na "kwa wanakijiji" kana kwamba ni kitu kimoja. Nashukuru sana.

Kijana wa Narok:

Ndugu zangu wa Tanzania, niwaletee ya kwetu Kenya, kwa sababu Mara imefika mbali zaidi kwenye jambo hili, kwa mema na mabaya.

Tangu 2024 kiingilio cha hifadhi ya Masai Mara kwa mgeni wa kigeni ni dola 100 kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Na ni cha saa 12, tangu saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Hesabu ya dereva ya kuingia mchana na kutoka mchana kesho yake, kwetu haipo tena. Ndiyo maana wageni wengi sasa wanalala kwenye hifadhi za jamii zinazopakana na Mara. Ol Kinyei ilianza 2005, Naboisho 2010, na nyingine kadhaa. Wenye ardhi wanakodisha mashamba yao kwa pamoja na kulipwa kila mwezi, mgeni awepo asiwepo. Magari ni machache, na unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuzunguka usiku, mambo ambayo ndani ya hifadhi yenyewe hayaruhusiwi. Dereva anasema safari ni asubuhi. Mimi nimewaona wageni wakimtazama mhanga, yule mnyama mla mchwa, akichimba saa 3 usiku, wamenyamaza kama wako msikitini. Ndani ya hifadhi saa hizo kila mtu yuko mezani anakula.

Mabaya nayo yapo. Fedha ya kukodisha inaingia kwa mwenye hati, na hati nyingi zina majina ya wanaume. Mamangu mdogo ameishi kwenye ardhi hiyo maisha yake yote na hajawahi kuandikiwa hata shilingi. Ng'ombe nao wanapangiwa wapi pa kula na lini, na mwaka wa ukame mpangilio huo unauma kwelikweli. Lakini ukiniuliza kama ningependa turudi nyuma, jibu ni hapana. Pale ambapo mashamba hayakukodishwa, yalikatwakatwa na kuzungushiwa nyaya, na nimeona swala amenasa humo.

Kuhusu kujenga ndani, tuna mfano wa juzi tu. Mwaka 2025 hoteli ya Ritz-Carlton ilifunguliwa kando ya Mto Sand. Kesi ikafunguliwa kwa madai kwamba imekaa kwenye mapito ya nyumbu. Shirika la Wanyamapori, KWS, likajibu kuwa haizuii njia yoyote. Langu ni kwamba ukishajenga jengo la kudumu ukingoni mwa mto, mabishano yanakuja yakiwa yamechelewa.

Mpishi wa Kambi:

Mimi nimepika porini miaka tisa, ndani na nje. Watu wanapochagua pa kulala wanaangalia picha ya kitanda. Hawaulizi nyuma ya kitanda kuna nini. Nyuma ya kila hema la mgeni kuna hema letu sisi, jiko, jenereta, tangi la maji, shimo la choo na shimo la taka. Wageni ishirini, wafanyakazi nao wanaweza kufika ishirini.

Kambi moja niliyofanyia kazi ndani ya hifadhi, sitaitaja, ilikuwa na shimo la taka lisilofunikwa vizuri. Fisi walilifukua mara ya kwanza, tukafukia. Wakarudi. Baada ya mwezi walikuwa wanafika saa 2 usiku kama walioalikwa chakula, na mmoja alizoea mpaka akawa anasimama hatua chache kutoka mlango wa jiko, anatazama mikono yangu. Fisi wa aina hiyo ameshaharibiwa. Siku akimuuma mtu atapigwa risasi, na kosa litaandikwa kwake.

Kwa hiyo mimi namuunga mkono mleta mada kwa hoteli kubwa. Zikae nje, kwenye barabara, ambako gari la taka linafika. Ndani zibaki kambi ndogo za msimu, zinazokunjwa na kuondoka. Ukirudi baada ya mvua hujui kama paliwahi kulala watu.

Baba wa Watatu:

Naomba msitusahau sisi wananchi. Mjadala wote ni dola na hoteli. Mimi ni mwalimu, na mwaka juzi nilipeleka watoto wangu Serengeti. Tulilala kambi ya umma ya Seronera kwenye hema la kuazima. Jiko la pale limezungushiwa nondo. Watu mnaingia ndani, mnafunga mlango, mnapika ugali, na wanyama ndio wanaopita nje kuwatazama. Binti yangu wa miaka minane aliuliza, "Baba, leo sisi ndio tuko kwenye bustani ya wanyama?" Usiku simba akanguruma, na hema zima likashikana mikono. Kwa mshahara wangu, hakuna mahali pengine popote watoto hao wangeusikia mngurumo ule wakiwa wamelala chini, mgongo ukitetemeka kwa sauti.

Hoteli za nje, hata hizo za jumuiya, karibu zote ni bei ya mgeni. Mkihamishia malazi yote nje mtakuwa mmetufungia mlango. Kambi za umma zibaki ndani. Na vyoo virekebishwe, hilo nalo liandikwe.

Dereva wa Kaskazini:

Mwalimu amesema. Na Mpishi pia amenigusa, kwa sababu fisi wa aina hiyo nimewaona. Nashikilia Serengeti tu: ni kilomita za mraba zaidi ya 14,000, huwezi kuionja ukiwa mlangoni. Tarangire nawaachia.

Niongeze Ngorongoro, maana hamjaigusa. Chini ya kreta hakuna anayelala, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Chaguo ni ukingoni, zaidi ya mita 2,200 juu, au Karatu. Wageni wanapenda ukingo kwa ajili ya mandhari, lakini mara nyingi wanaamkia ukungu mzito na hawaoni hata bustani ya hoteli. Mimi ningewalaza Karatu, niwaamshe saa 11 alfajiri na kuwafikisha geti la Lodoare kabla halijafunguliwa. Karatu ni mji wa watu. Pesa ya chumba inageuka karo na duka la mboga wiki hiyo hiyo.

Mleta mada:

Nimesoma yote na nimebadilisha ratiba. Usiku mbili za mwanzo ni Burunge, lakini si kwenye ile hoteli ya awali. Nilimwambia binamu aandike barua pepe ya swali moja: mkataba wenu ni na jumuiya au na mtu binafsi? Hoteli ya kwanza ilijibu kwa aya nzima kuhusu bwawa la kuogelea. Ya pili ilijibu kwa sentensi mbili, ikataja jumuiya na jinsi malipo ya kila kitanda yanavyopelekwa. Tumechukua ya pili.

Usiku wa tatu Serengeti, ndani, kambi ndogo ya msimu, kuingia mchana kama Dereva alivyoshauri. Wa nne Karatu. Ikona imeniuma kuiacha, kwa sababu mwezi wa sita nyumbu huwa upande ule wa magharibi na Robanda wanastahili wageni hao. Kwa usiku nne haikuenea. Mwenye njia ya kuipenyeza bila kumlipisha mtu viingilio viwili anisaidie, bado hatujalipa malipo ya awali.

Mama Mkulima:

Mwezi wa sita wakipita barabarani wataona mashamba yetu yameshavunwa, mabua tu. Wakitaka kuona dungu, langu liko kando ya njia, chini ya mgunga. Wasimame, nitawaonyesha.