Tupeane uzoefu: Kirumba inavyocheza, na kocha mgeni aijue vipi

Mwanzisha uzi
Wakuu, kocha mpya akitua Mwanza mjadala huwa ule ule: mabeki watatu au wanne, nani aanze, nani akae benchi. Pamba Jiji, timu yetu ya Mwanza, ilipanda 2024 baada ya miaka 23 nje ya Ligi Kuu, ikaanza na Goran Kopunovic, kisha akaja Fred Felix Minziro. Sikusikia kijiwe hata kimoja kikiuliza kama kocha ameshauelewa uwanja wenyewe. Anayejua CCM Kirumba inavyocheza amwage hapa: upepo, nyasi, mvua, muda wa mechi. Wazee wa "enzi zetu" karibuni, ila mje na hoja.

Kawekamo
Anza na upepo. Mchana nchi kavu inapata moto upesi kuliko maji, kwa hiyo hewa ya ziwani inasogea kuja mjini. Inakolea kuanzia saa 8 hivi na kulegea jua likikaribia kuzama. Sasa piga hesabu: mechi ikianza saa 10 jioni, kipindi cha pili kinaisha karibu saa 12, upepo ukiwa umeshachoka. Tangu sheria ilipobadilika 2019, nahodha aliyeshinda kura anaweza kuchagua goli au kuanza na mpira. Siku ya upepo achague goli, autumie kipindi cha kwanza. Anayesema "tutautumia kipindi cha pili" anaweka akiba ya kitu kisichokaa.

Usiangalie bendera zilizo juu ya jukwaa, angalia za kona, zote nne. Mara nyingine hazikubaliani, kwa sababu jukwaa linakinga upande mmoja na hewa inazunguka. Upande huo ndio wa kupitishia mipira mirefu. Kipa anayecheza dhidi ya upepo asibutue: mpira unapanda, unasimama hewani, unamwangukia kiungo wa wapinzani. Aanzishe fupi kwa beki.

Fundi Nyasi
Kocha anaingia kwenye nyasi alizozikuta, kwa hiyo wa kwanza kuongea naye ni mtunza uwanja, kabla hata ya mwenyekiti.

Ukoka wa kuchezea uwe milimita 25 hadi 30. Ukizidi 40 pasi ya chini inakufa njiani, na timu ya pasi inalaumiwa bure. Ila usishushe kwa mkupuo mmoja: kila ukikata, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Ukiukata mfupi ghafla wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, jua linachoma shina na unabaki na mabaka ya udongo.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi. Eneo la mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Kunyesha kina cha milimita 5 tu unahitaji lita 35,700, yaani maboza karibu manne ya lita 10,000. Watu wanaleta boza moja, wanalowesha juu, mizizi inabaki kutafuta maji karibu na uso, mchezaji akigeuka pande la nyasi linang'oka. Afadhali unyweshe sana mara chache, alfajiri, kuliko kidogo kila siku.

Mbele ya goli ndipo panapokufa kwanza, maana kipa anasimama palepale na mazoezi ya mashuti yanafanyika palepale. Dawa ni kuhamisha mazoezi: tumia magoli ya kubeba, uyaweke pembeni ya uwanja.

Kishamapanda
Mnapima ukoka kwa rula! Pamba ya kina Khalfan Ngassa, Fumo Felician na George Masatu ilibeba ubingwa wa Ligi ya Muungano 1990, kuna aliyejua milimita?

Fundi Nyasi
Mzee wangu, shikamoo. Walikuwa na miguu ya kuficha ubovu wa uwanja. Hawa wa sasa tuwasaidie.

Sangara
Naongezea Nyamagana, ule uwanja mwingine wa hapa Mwanza wenye nyasi bandia. Timu ikifanya mazoezi kwenye kapeti lile wiki nzima halafu ikacheza Kirumba, dakika 20 za kwanza pasi zote zinakuwa fupi, kwa sababu kwenye nyasi bandia mpira unateleza haraka. Siku mbili za mwisho kabla ya mechi zifanyike kwenye nyasi za kweli. Njumu nazo zibadilike: meno mafupi mengi kwa kapeti, marefu kwa nyasi zilizolowa. Jino refu kwenye kapeti linanasa, mguu unabaki, goti linageuka.

Na zile punje nyeusi za raba zipigwe brashi kurudishwa kwenye kona na sehemu ya penati. Zikipungua pale, mtu anaanguka kwenye sakafu ngumu.

Kawekamo
Kuhusu makocha, msimsahau Etienne Ndayiragije na Mbao FC yake ya hapa Mwanza. Nusu fainali ya Kombe la FA 2017, Yanga ilikufa 1-0 hapa Kirumba. Fainali ikapelekwa Jamhuri, Dodoma, Simba wakashinda 2-1 kwenye muda wa nyongeza. Baadaye jamaa akapewa Taifa Stars. Kikosi kile hakikuwa na jina kubwa hata moja, na kwangu ule ndio ukocha, siyo kununua wachezaji 15 dirisha moja.

Kishamapanda
Hapo nakuunga mkono, ingawa mwaka huohuo Toto Africans yangu ilishuka daraja. Tusiongelee.

Fundi Nyasi
Mvua ikinyesha asubuhi ya mechi, pimeni hivi: dondosha mpira kutoka urefu wa mita 2. Ukidunda sentimita 60 hadi 100, chezeni. Ukifa kabisa kwenye sehemu nyingi, kocha abadilishe mpango mapema: kuwahi mpira wa pili (ule unaodondoka baada ya kugombewa), mashuti ya chini, fowadi mmoja wa kumzonga kipa. Msisukume maji kwa fagio ngumu, inang'oa nyasi. Toboeni kwa uma wa bustani, kina cha sentimita 10, yazame.

Mistari isizidi sentimita 12, na itumike rangi nyeupe ya maji. Chokaa ikilowa inachoma nyasi na ngozi ya anayeteleza. Kupata kona iliyonyooka, funga kamba ya pembetatu ya mita 3, 4 na 5, kisha pima kona hadi kona kimshazari: kwa uwanja wa mita 105 kwa 68, zote mbili zitoke mita 125.1. Zikitofautiana, uwanja wako umepinda na mshika kibendera ataonewa jioni nzima.