Kigoma: Tumelipia ziara ya familia Dar, kumbe tumesindikiza mzigo wa mtu Kariakoo

Wakuu salaam. Nilitaka ninyamaze yaishe, lakini jamaa ameshaanza kuchangisha watu wa Desemba, kwa hiyo acha niseme.

Hapa Kigoma mjini kuna bwana anakusanya familia kila likizo za shule anazipeleka "kutalii Dar". Jina silitaji, waliomo kwenye lile grupu la WhatsApp wanamjua. Ratiba alitupa kwenye karatasi yenye muhuri: basi la kukodi mpaka Dodoma, SGR, ile treni mpya ya umeme, Dodoma hadi Dar, Makumbusho ya Taifa, boti kwenda kisiwa cha Mbudya, hoteli katikati ya mji, chakula juu yake. Nikalipia mimi, mke wangu, watoto na mama yangu mzazi, kidogo kidogo tangu Januari. Mimi nauza mawese. Hela yangu inaingia kwa dumu moja moja, siokoti.

Naanza na SGR maana ndiyo iliyouza safari nzima. Reli ya Mjerumani ilifika Kigoma 1914, na treni wanayoijua wanangu ni hiyo ya kukulaza njiani mpaka usahau ulikuwa unaenda kufanya nini. Tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma 2024, huyu wa darasa la sita hana wimbo mwingine: baba, kilomita 160 kwa saa, mimi nakaa dirishani. Tumefika Dodoma usiku, tukaamshana, watoto wakavalishwa viatu, mama akajifunga kanga yake vizuri. Basi likaingia kituo cha mafuta, likajaza, likaondoka nasi. Kumuuliza mwandaaji, anajibu bila hata kugeuza shingo: "Tiketi zimeisha, si mnajua msimu wa likizo."

Muongo. Tiketi ya SGR hukatiwi bila kitambulisho. Miezi yote ile ya kuchangishana hakuna mtu mzima aliyeombwa namba ya NIDA, wala hakuna aliyeulizwa umri wa mtoto, wakati watoto wa miaka 4 hadi 12 wanalipa nusu nauli. Zimeishaje tiketi ambazo hakuna aliyejaribu kuzikata? Nauli ya daraja la kawaida Dodoma hadi Dar iliyotangazwa na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, treni ilipoanza ni shilingi 31,000, na kwenye karatasi yake hela ya treni imeandikwa mstari wake peke yake, haikuchanganywa na kitu. Iko wapi?

Dar tukaingia tumevimba miguu. "Hoteli katikati ya mji" ni gesti ya uchochoroni Kariakoo, choo cha nje, feni inazunguka ikijisikia. Asubuhi akatangaza tunaanza na Kariakoo ili tupate zawadi. Sawa, zawadi. Kesho yake Kariakoo tena. Yeye anaingia duka hili anatoka lile, Msimbazi, Congo, anapatana bei za jumla, sisi nyuma yake tumeshikana mikono watoto wasipotee kwenye lile jeshi la watu na matoroli. Mama yangu alikalia ndoo iliyopinduliwa nje ya stoo kuanzia saa nne mpaka adhuhuri, mpaka kijana wa stoo akamwonea huruma akampa maji. Mtu mzima kama yule!

Tulipopandisha sauti akatupakia kwenye basi, eti twende Makumbusho. Sasa sikilizeni. Makumbusho ya Taifa iko Mtaa wa Shaaban Robert, mjini kabisa, jirani na bustani ya mimea. Humo ndimo lilimo fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lile alilolikuta Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Kijana wangu alishaandika maswali yake kwenye daftari. Huyu bwana akatushusha kituo cha daladala cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, akasema, "Haya, Makumbusho ndiyo hii, pigeni picha." Mama mmoja wa Ujiji akamwambia, "Mwanangu, mimi nimekuzidi umri, usinifanye mtoto." Na kinachoniuma, Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili za makabila yetu kiko hapo hapo karibu, tungekwenda kwa miguu. Hakijui! Anauza utalii wa Dar na hakijui.

Sanamu la Askari tuliliona dirishani, basi likikata kona. Hilo nalo nililitaka kwa sababu yangu: wanangu wanaijua Liemba, meli ya Wajerumani iliyozamishwa ziwani 1916 kwenye Vita Kuu ya Kwanza ikaja kuibuliwa, nikataka wasimame mbele ya sanamu la askari wa vita ile ile. Dereva hata mguu hakuutoa kwenye mafuta.

Boti za Mbudya zinaondokea Kunduchi. Sisi Kunduchi hatukufika. Tulipelekwa Coco Beach jua limeshazama, tukaambiwa tuone maji. Mtu wa Kigoma unamwambia aone maji! Tuna ziwa lenye kina cha mita 1,470, nikifungua mlango naliona. Tulilipia kisiwa. Haki yake nitampa Coco: mihogo ilikuwa mitamu, na mama alionja maji ya bahari akatema, akacheka mpaka akakaa chini. Ila mihogo tulijinunulia, kwa sababu "chakula juu yake" ilikuwa chai na chapati moja asubuhi, mpaka kesho.

Siku ya kurudi ndipo tukaelewa. Buti imejaa, viti vya nyuma vimejaa, njia ya katikati imejaa mabeseni, marobota ya nguo na katoni za viatu. Watoto tuliowalipia viti wakapakatwa Dar mpaka Kigoma. Wiki ile ile mabeseni yale yale yakapangwa nje ya duka lake. Basi tulilikodi sisi, mafuta tulijaza sisi, yeye akaleta mzigo wa duka bila kutoa senti ya usafiri.

Tumemfuata dukani mimi na wazazi wenzangu wawili. Jibu lake: "Kwani Dar hamkufika? Maghorofa hamkuyaona?" Ukutani kuna leseni ya duka. Ya wakala wa utalii, inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii, tulipomwomba akasema iko nyumbani. Jioni tukatolewa kwenye grupu.

Namdai hela ya SGR na ya boti, kwa kila kichwa, na chakula. Akikataa tunakutana Mahakama ya Mwanzo. Aliyesafiri naye likizo hii au zilizopita, kama bado una ile karatasi yenye muhuri au ujumbe wa malipo wa kwenye simu, njoo inbox tuunganishe madai. Na ninyi mnaolipia ya Desemba, Jumapili ana kikao na wazazi. Muulizeni mbele ya watu tiketi za treni anazikata lini, na kwa namba za NIDA za nani.