Jiko la makopo mawili linatoa moshi na kupaka sufuria masizi: kasoro iko wapi?

KuniKavu

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaoyafahamu majiko ya kambini ya makopo. Nina lile la kuta mbili: kopo la gramu 400 (kipenyo milimita 73, kimo 110) limening'inia ndani ya kopo la gramu 800 (kipenyo milimita 99, kimo 119). Kopo la nje limepinduliwa, kitako chake kimekatwa duara, na la ndani limebanwa humo kwa mdomo wake. Matundu ni haya:

- kopo la nje, pembeni karibu na ardhi: 8 ya milimita 6
- kitako cha kopo la ndani: 24 ya milimita 6
- ubavu wa kopo la ndani, sentimita 1 chini ya mdomo: 10 ya milimita 4

Sufuria inakaa juu ya misumari mitatu, kama sentimita 1 kutoka mdomo wa jiko. Naweka karatasi chini, vijiti juu yake hadi mdomoni, kisha nawasha karatasi. Moto unashika vizuri kwa dakika mbili tatu, halafu unakuja moshi mzito wa rangi ya manjano, sufuria inakuwa nyeusi tii, na kuni zinaisha kabla nusu lita ya maji haijachemka.

Tatizo ni matundu, kuni, au namna ya kuwasha? Na ule utando mweupe ulio ndani ya makopo, una madhara ukiungua?

---

FundiKopo

Mkuu, ahsante kwa kuweka vipimo, maana jibu limo humo humo. Una makosa matatu na yote yanahusu hewa. Kuni zako huenda hazina shida yoyote.

Kwanza tuelewane jiko hili linavyofanya kazi. Mti ukipata joto bila hewa ya kutosha hauungui wote, unatoa gesi na kubaki makaa. Moshi unaouona ni hiyo gesi ikitoroka bila kuungua. Hewa ya chini, inayopita kwenye kitako, kazi yake ni ndogo tu: kuufanya mti uendelee kutoa gesi. Hewa ya juu ndiyo inayoichoma gesi hiyo. Inaingia kwenye kopo la nje, inapanda kati ya kuta mbili huku ikipata joto, na kutokea kwenye matundu ya juu ikiwa moto. Kwa hiyo hewa ya juu lazima iwe nyingi kuliko ya chini.

Sasa piga hesabu ya eneo la matundu yako. Tundu la milimita 6 lina eneo la milimita za mraba 28 hivi, na la milimita 4 lina 12.6.

Kopo la nje: 8 × 28 = 226
Kitako: 24 × 28 = 679
Matundu ya juu: 10 × 12.6 = 126

Umegeuza mambo. Kitako kina nafasi zaidi ya mara tano ya matundu ya juu, na kopo la nje linaingiza theluthi tu ya kile ambacho kitako peke yake kingeweza kupitisha. Kuni zinatoa gesi kwa kasi na huku juu hakuna cha kuichoma. Ndiyo maana moto unaanza vizuri, kisha kuni zote zikishapata joto, moshi unashinda.

Huna haja ya kutafuta makopo mapya. Fanya hivi:

1. Panua yale matundu 8 ya nje yafike milimita 12 kila moja. Hapo unapata 905.
2. Ya juu, panua 10 yaliyopo yafike milimita 5, na kati ya kila mawili toboa jingine la milimita 5. Yanakuwa 20, eneo 393. Mzingo wa kopo ni milimita 229, kwa hiyo kati ya tundu na tundu inabaki milimita 6 na kidogo ya bati. Usizidishe hapo, ukingo utalegea ukipata moto.
3. Kitako, punguza. Chukua kile kifuniko ulichokikata kwenye kopo la gramu 400, kidumbukize ndani kilale juu ya kitako. Ligeuze kopo, chagua matundu 9 yaliyotawanyika, na upitishe msumari kutoka nje utoboe kifuniko kupitia matundu hayo. Yaliyobaki yamezibwa. Sasa una 254 chini dhidi ya 393 juu, na jumla ya yote mawili (647) ni ndogo kuliko 905 ya nje. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kosa la pili ni kujaza hadi mdomoni. Vijiti vikifika kwenye matundu ya juu vinayaziba, na gesi haina chumba cha kuungulia. Ishia sentimita 1 hadi 2 chini ya mstari wa matundu. Kata vijiti vyenye unene wa kidole cha mwisho, urefu wa sentimita 3 hadi 5, uvimimine bila kushindilia. Kopo hilo litabeba kama gramu 80. Kuni kavu zina megajuli 16 au zaidi kwa kilo, maana yake gramu 80 ni kilojuli 1,280 hivi, wakati nusu lita ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 inahitaji 167 tu. Hata jiko likipoteza sehemu kubwa ya joto, maji yanachemka.

Tatu, washa kwa JUU. Weka juu ya vijiti maganda membamba ya mti, au karatasi iliyopakwa nta, uwashe hapo. Moto unashuka taratibu, gesi inayotoka chini inapita kwenye makaa ya moto na kukutana na hewa ya juu. Ukiwasha chini, rundo zima linatoa gesi kwa mkupuo.

Dalili ya kwamba umefaulu: baada ya dakika mbili hivi utaona ndimi za moto zinachomoza kwenye matundu ya juu na kuelekea katikati, kama zinatoka kwenye jiko la gesi. Usipoziona, angalia maungio ya makopo mawili pale juu. Pakiwa na mwanya, hewa ya moto inatorokea hapo na haiingii kwenye matundu.

---

MkasiWaBati

FundiKopo kamaliza hesabu, mimi niongezee namna ya kutoboa, maana hapo ndipo makopo mengi yanaharibikia.

Ukuta wa kopo ni mwembamba mno, msumari unaukunja kabla haujapenya. Jaza kopo maji mpaka libaki sentimita 2, uligandishe, kisha toboa barafu ikiwa ndani. Halibonyei. Kama huna friza, shindilia mchanga mbichi, au ingiza kipande cha gogo chenye unene unaokaribia kopo. Anza na msumari mwembamba kisha panua. Keekee ya kawaida ikikaribia kupenya hukamata bati na kulirarua, na tundu linatoka na pembe tatu. Kwa matundu ya milimita 12 tumia ile ncha ya keekee yenye umbo la pia inayopanuka kwa ngazi, ukiizungusha polepole. Usipokuwa nayo, toboa la milimita 6 na ulipanue kwa tupa ya mviringo. Vaa glavu za ngozi, na kila ukingo uliokatwa upitishie tupa au msasa.

Kuhusu utando: ni rangi ya plastiki ya kuzuia kutu, na haifai kuungulia chini ya chakula. Jiko likikamilika, lipige moto mkali nje kwa nusu saa bila sufuria, wewe ukae upande unakotoka upepo. Rangi na karatasi za nje zimalizikie hapo hapo. Bati halisi (stani) lililopakwa kwenye chuma cha kopo nalo litabadilika rangi, kwa kuwa linayeyuka kwenye nyuzi 232. Hilo lisikutishe.

Kinachotisha ni zinki. Msitumie ndoo wala vipande vya mabati ya kuezekea kwa sehemu yoyote inayoguswa na moto. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka. Makopo ya soda nayo hayafai kwa kuni: ni alumini nyembamba kama milimita 0.1, inayeyuka kwenye nyuzi 660, na makaa yanaweza kuzidi hapo. Na kopo la dawa ya kupuliza lisiguswe kabisa, hata kama linaonekana tupu.

---

MotoMdogo

Nakubaliana na yote, ila nina swali kwako KuniKavu: unapika nini? Jiko la kuta mbili ni zuri kwa kuchemsha maji na vitu vya dakika kumi na tano. Ukitaka kuchemsha kitu cha saa nzima litakuchosha, kwa sababu ukiongeza kuni juu ya makaa yaliyobaki, moshi unarudi mpaka zishike moto.

Kwa mapishi marefu tengeneza jiko la kiwiko, lile ambalo Larry Winiarski alieneza kanuni zake kuanzia miaka ya 1980. Kopo kubwa la nje lenye kipenyo cha milimita 127 au zaidi, na ndani yake bomba la makopo ya milimita 73: moja limelala kama mdomo wa kuni, jingine limesimama kama dohani, yameungana kwa pembe ya mraba. Nafasi kati ya dohani na kopo la nje ijazwe majivu makavu ya kuni yaliyochekechwa. Watu wengi hujaza udongo au mchanga na hapo jiko linakufa, kwa sababu vitu vizito hunyonya joto badala ya kulizuia, na dohani ikiwa baridi haivuti.

Kwenye mdomo wa kuni weka kibao cha bati: vijiti vikae juu yake, hewa ipite chini yake kwenye theluthi ya chini. Bila kibao hicho vijiti vinaziba njia, hewa inapita juu ya kuni ikiwa baridi, na unapata moshi. Unasukuma vijiti ndani kadiri ncha zinavyoungua.

Kati ya dohani na sufuria acha robo ya kipenyo cha dohani. Kwa milimita 73 ni milimita 18.

---

KuniKavu

Ahsanteni sana. Nimebaki na mambo mawili. MotoMdogo anasema milimita 18 chini ya sufuria. Je, ile sentimita 1 yangu ni ndogo tu kidogo, au jiko langu lina kipimo tofauti? Na kuni zikilowa kabisa, kuna njia ya haraka ya kupasha maji kwa kopo?

---

FundiKopo

Kipimo chako ni tofauti. Kwenye jiko la kiwiko gesi imeshaungua ndani ya dohani, kinachofika juu ni joto tu, kwa hiyo sufuria inasogezwa karibu. Kwako wewe gesi inaanza kuungua pale pale mdomoni. Ukiiweka sufuria sentimita 1, ulimi wa moto unagonga chuma baridi kabla haujamaliza kazi, na kaboni iliyobaki inaganda kama masizi. Unahitaji sentimita 4 hadi 5.

Tumia kopo jingine la gramu 800. Kata pete ya kimo cha sentimita 5 kutoka upande wenye ukingo, ukingo ukae juu ubebe sufuria. Toboa matundu 10 ya milimita 12 chini kidogo ya ukingo, na ukate dirisha la upana wa sentimita 5 la kutumbukizia kijiti kimoja kimoja moto ukiwa bado hai. Pete hiyo pia inakinga ndimi zisipeperushwe. Upepo ukiwa mkali, zungushia jiko kizuizi cha bati robo tatu ya duara, sentimita 3 kutoka kwenye kopo, ili matundu ya chini yaendelee kupumua.

---

MkasiWaBati

Siku ya mvua tumia spiriti. Tafuta kopo fupi la alumini, kipenyo kama milimita 65 na kimo chini ya sentimita 4. Toboa mstari wa matundu 16 ya milimita 6 chini tu ya ukingo, na mstari mwingine chini yake, matundu yakipishana. Mimina mililita 25 hadi 30, zinatosha nusu lita ikiwa kuna kizuizi cha upepo. Washa, SUBIRI nusu dakika spiriti ipate joto, ndipo uweke sufuria moja kwa moja juu ya kopo. Mdomo unazibwa na sufuria, moto unatokea kwenye matundu ya pembeni. Ukiweka sufuria mapema unazimika. Kitako cha sufuria kiwe kipana angalau mara moja na nusu ya kopo, la sivyo ndimi zinapanda pembeni na joto linapotea.

Moto wa spiriti hauonekani mchana. Usiongeze spiriti kabla hujahakikisha umezimika na kopo limepoa, kwa sababu moto hurukia kwenye chupa. Pima kwanza kwenye kikombe kidogo, funga chupa, iweke mbali. Kuuzima, funika kwa kopo kubwa zaidi. Petroli usiijaribu humo hata tone, mvuke wake unalipuka. Mafuta ya taa nayo yanataka utambi, humo yatatoa masizi tu.

Na hili ni kwa majiko yote matatu: msiwashe ndani ya hema, na msiingize humo jiko lenye makaa ili kupata joto la usiku. Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, haina harufu, na inaua mtu akiwa usingizini. Ukimaliza kupika kwa kuni, makaa yamwagie maji, koroga, mwagia tena, kisha shika kopo kwa nje. Likiwa bado vuguvugu, bado.