Kukatwa hela ya chama cha wafanyakazi ambacho hukujiunga nacho ni haki?

Mgeni Kazini: Wadau, sijajaza fomu ya chama chochote, lakini slipu ya mshahara inaonyesha makato ya asilimia 2. Afisa utumishi anasema ni ada ya uwakala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inasema kujiunga ni hiari. Hiari gani ya kukatwa kabla ya kuulizwa?

Mwanatawi: Soma kifungu cha 72. Chama chenye wanachama wengi kikitambuliwa, kinaweza kukubaliana na mwajiri hata asiye mwanachama achangie ada hiyo, maana kinapojadili mkataba wa hali bora, yaani makubaliano na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, kinamjadilia naye. Hulazimishwi uanachama. Nyongeza ikija mtaikataa? Mnataka kuvuna msipopanda, na Mei Mosi mnakuwa wa kwanza kudai fulana!

Chaki Nyeupe: Fulana? Hapo umenigusa pabaya. Mimi ni mwanachama hai, mwaka huu mwenyekiti kawagawia watu wake, sisi tukaambiwa zimeisha. Tumeandamana na mashati ya nyumbani.

Mwanatawi: Kalalamike tawini, si hapa.

Chaki Nyeupe: Tawi lipi, lisiloitisha mkutano?

Msoma Sheria: Mwanatawi, umesoma nusu. Kifungu hichohicho kinataka hela hiyo iwe na akaunti yake, itetee maslahi ya wafanyakazi wa hapo kazini, na isipelekwe kwenye chama cha siasa. Nani kati yenu amesomewa hesabu za akaunti hiyo?

Mwanatawi: Nilipoitwa kikao cha nidhamu, katibu wa chama alikaa nami mpaka jioni na sikufukuzwa kazi. Wakili ningemlipa nini? Ninyi mnaojificha bosi akipita hamjui hilo.

Chaki Nyeupe: Nani anajificha? Barua ya kudai malimbikizo niliandika mimi, sahihi yako haimo!

Mkongwe: Punguzeni hasira, wanangu. Enzi za NUTA, chama cha wafanyakazi kilichoundwa 1964, chama kilikuwa kimoja nchi nzima na katibu mkuu aliteuliwa na Rais. Leo wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha chama chao. Asiyeridhika aanze huko.

Mgeni Kazini: Mzee, shikamoo. Nikianzisha changu, hiki chenye watu wengi kitaendelea kunikata. Siwezi kuwapigia kura viongozi wake kwa kuwa si mwanachama, lakini wanakula hela yangu. Hilo hakuna aliyelijibu.

Mwanatawi: Jiunge, upige kura.

Msoma Sheria: Nami nitahudhuria mkutano wa kura hiyo. Hesabu za akaunti zisiposomwa kwanza, sisaini mahudhurio.