Fundi wa hita kanitukana mbele ya wakwe zangu! Mnamjua, sina haja ya kumtaja

MamaWaMzazi:
Jamani nna hasira mpaka mikono inatetemeka, makosa ya kuandika mtanisamehe. Na asitokee mtu hapa akajifanya hamjui. Yule fundi umeme anaetembea na testa kaichomeka sikioni, simu mbili mkononi na zote hazipokei ukishamlipa. Huyo huyo. Kuanzia Mji Mkongwe mpaka Fuoni hakuna mtaa hajaacha swichi inayofuka moshi.

Mwanangu kajifungua, yuko kwangu kwa arubaini yake. Mzazi anataka maji ya moto asubuhi na jioni, na hichi kipupwe kinatupiga hasa. Nimechoka kuinjika masufuria, na bei ya gesi mnaijua. Nikasema basi, tutie hita ya shawa, zile ndogo zisizo na tangi, maji yanapita ndani yanatoka ya moto hapo hapo. Kwenye boksi lake imeandikwa wati 5500. Nikamwita yeye.

Hakuuliza nyumba ina waya gani. Hakufungua hata boksi la breka. Kauvuta umeme kwenye waya wa taa ya chooni! Na ule waya wa kijani wenye mstari wa manjano, unaotoka kwenye hita yenyewe, kaukata kwa koleo mbele ya macho yangu, kichwa chake akakizungushia tepu, akakisukumia nyuma ya hita kwa kidole. Nikamuuliza, huo mbona huuungi? Akanambia, "Huo pambo tu, mama."

Pambo!

Leo wakwe wamekuja kumtizama mtoto. Ukumbi umejaa, ubani unafuka, vileja viko kwenye sahani. Mzazi kaingia kukoga. Mara ukelele! Kashika bomba, kapigwa na shoti. Alhamdulillahi ilimng'ata vidole tu, hakuanguka. Nikaenda kuitizama swichi, imebabuka pembeni, na harufu ya plastiki inayoungua ikaushinda ubani mpaka ukumbini.

Nikampigia. Leo kapokea, sijui kadhani kuna kazi nyengine. Kaja, nikamuonesha. Mnajua kasema nini? Mbele ya mkwe wangu, mbele ya mawifi wa mwanangu, mbele ya jirani aliyeleta uji tu:

"Hita haina tatizo. Tatizo ni nyie mliozoea maji ya kata. Hichi chombo cha watu wa mahoteli."

NYIE MLIOZOEA MAJI YA KATA. Yaani watu wa kukoga kwa kuchota na kifuu! Nyumbani kwangu! Kasimama na viatu juu ya mkeka wangu! Mkwe wangu alikuwa na kikombe mkononi, akakitua bila ya kunywa. Hakusema neno. Bora angesema.

Pesa zangu simdai, azile. Swichi nitatia nyengine. Lakini maji ya kata, mbele ya wakwe, na mzazi yuko chumbani anatetemeka na kanga ya kukogea? Huyu mtu ana mama kweli?

Kipanga_Mweusi:
Testa sikioni! Nshamjua kabla sijamaliza mstari wa pili. Kwangu alikuja kutia kiyoyozi, alipounguza soketi akasema nyumba yetu "haina hadhi". Haina hadhi, na yeye ndo kakaa anakula urojo wa mama yangu.

BintiMwera:
Pole sana bi mkubwa. Maji ya kata kasema na yeye kwao bomba halijafika ndani mpaka leo. Sisi majirani tunajua.

Koleo_na_Testa:
Mie nafanya kazi hizi, na wallahi watu hawa wanatuharibia jina. Bi mkubwa, kwanza zima breka na mzazi asilishike tena bomba lile. Wati 5500 kwa volti 230 ni karibu ampea 24. Waya wa taa ni ule wa 1.5, yaani unene wa milimita za mraba, hauchukui mzigo huo, ndo maana umeungua. Hata wa plagi, 2.5, usiutumie. Hita hiyo inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, tia wa 6, breka yake ya ampea 32, na swichi ya kuzimia iwe nje ya choo. Na huo alouita pambo ndo unaopeleka umeme ardhini hita ikivuja umeme. Ukishakatwa, umeme unapita kwa mtu aliyerowa. Tia na ile breka inayokata umeme ukivuja milliampea 30. Hapo kwenye nyumba ya mzazi usifanye ubahili.

MamaWaMzazi:
Ahsante fundi, nimezima na tumerudi kwenye masufuria. Lakini mbona kuhusu MAJI YA KATA hukusema kitu? Mbele ya wakwe!

Koleo_na_Testa:
Hilo ni tusi, bi mkubwa. Mie nilikuwa nazungumzia roho za watu.

Mwana_wa_Ng'ambo:
Sasa bi, kama mtaa mzima unamjua, kwa nini ulimwita? Kila mtu anamjua, na kila mtu anampigia simu. Ndo maana hashuki bei.

MamaWaMzazi:
Kwa sababu mafundi wa maana wote wako Nungwi na Paje kwenye mahoteli! Ulitaka nimwite nani, wewe?

Uniti_Zimeisha:
Nyie mnagombana na fundi, hamuulizi Tukuza, ule umeme wa kulipia kabla. Wati 5500 kwa dakika kumi inakula karibu uniti moja nzima. Mzazi asubuhi, mzazi jioni, bibi nae aseme mgongo unamuuma, mume nae atoke kazini. Nyumbani kwangu ugomvi wote wa mwezi uliopita umetokana na shawa.

Ndoo_Mbili:
Mna bahati mna maji ya kupasha. Sisi bomba likifunguliwa linatoa upepo. Maji yanakuja saa tisa za usiku, ukilala umeyakosa. Hita ya nini?

Mzee_wa_Chwaka:
Na huku kwetu maji ya kisima yana chumvi. Mwanangu kaniletea hita, haikufika mbali, koili ikaliwa. Muuzaji ananiambia zipo maalumu za maji chumvi. Kwa nini hakusema siku ya kununua? Muuzaji yuko Zanzibar, hajui bahari iko wapi?

Koleo_na_Testa:
Zipo kweli, mzee, koili yake imefunikwa isiguse maji. Na jengine, tangi la maji la nyumba likiwa juu kidogo tu ya shawa hita haiwaki. Ndani mna mpira unaosukumwa na maji ndipo umeme uunge. Kila mita moja ya kimo inakupa presha ya bar 0.1 tu. Watu wanarudisha hita dukani wanasema mbovu, kumbe tangi liko chini.

Kibatari:
Hita, kiyoyozi! Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima ilikaa kizani, waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara, wa tangu 1980, umekufa. Na 2008 karibu mwezi mzima vile vile. Tulikoga maji ya kata mashekhe na mawaziri, hakuna aliyetukanwa.

Mtu_wa_Wete:
Na nyie mlikuwa na waya tangu 1980! Sisi Pemba wa Tanga tumeupata 2010. Kabla ya hapo ni majenereta ya Wesha, leo linawaka, kesho halina dizeli. Hamjui kizani nyie.

BintiMwera:
Yakhe, msianze Unguja na Pemba, mwenzetu katukanwa.

MamaWaMzazi:
Mwambieni! Maji ya kata, kasema, na mkwe wangu kakitua kikombe!

Hamasa_ya_Idi:
Kwa kuwa tunawasema mafundi, mie nna wangu wa cherehani. Kitambaa nimempa kabla ya Ramadhani, usiku wa Idi ananiambia "bado mkono". Nimekwenda Idi na kanzu ya kaka yangu, naburura chini.

Kipanga_Mweusi:
Yule mwenye kibanda karibu na sheli?

Hamasa_ya_Idi:
Huyo huyo!

Ndoo_Mbili:
Astaghfirullah, mie buibui langu kashona mkono mmoja umefika kwenye vidole na mwengine umeishia kwenye kisukusuku. Nimemrudia, ananiambia ninyooshe mkono vizuri.

MamaWaMzazi:
Jamani, MADA!

Uniti_Zimeisha:
Sare za skuli za mwanangu kazishona mfuko kwa ndani. Mtoto akitaka kutoa peni avue suruali kwanza. Naomba namba ya fundi mwengine wa cherehani, skuli zinafunguliwa Jumatatu.