Naomba ushauri: diski D ya RECOVERY imejaa kwenye laptopu

Habari za saa hizi wakuu. Nina laptopu ya mama mkubwa, Windows 7, anaitumia kwa mahesabu ya duka. Kila ikiwaka kinatokea kijisanduku chini kulia kwamba nafasi imekwisha diski D. Nikiangalia, C ina nafasi tele, ila D iliyoandikwa RECOVERY ina GB 14 tu na mstari wake ni mwekundu mpaka mwisho.

Najua humo ndimo yanamokaa mafaili ya kiwandani ya kurudishia Windows, kwa hiyo sitaki kufuta ovyo. Ila nimekuta pia folda yenye jina la kompyuta yenyewe, tarehe zake za karibuni kabisa. Nahisi ni bakapu (nakala ya akiba) ya Windows iliyoelekezwa huko. Naweza kuifuta bila kugusa mengine?

Pia nataka kuchoma DVD za kurudishia mfumo mapema, maana C na D ni vipande vya diski moja, na diski hiyo ikifa, D nayo imekwenda. Programu ya kiwandani inaruhusu seti moja tu. Nikishachoma, naweza kuzitolea nakala za ISO (faili moja linalobeba kila kilichomo kwenye DVD) nikaweka kwenye diski ya nje? Na kwa DVD tupu za kuchomea, kati ya aina ya DVD-R na DVD+R, ipi haisumbui? Mahesabu ya duka nimeshayahamishia kwenye flashi.