Mzee kawekewa stenti, sasa viungo vimevimba. Ni hizi klopidogreli?

Mtoto wa Mzee: Wakuu habari za jioni. Mzee wangu, 63, kawekewa stenti (kile kibomba cha kufungua mshipa wa moyo) mwezi uliopita akapewa junia aspirini na klopidogreli 75 mg, zote mbili za kufanya damu isigande, na ya kolesto. Mwanzoni yuko fiti kabisa, juzi kaamka hata kikombe hashiki, viganja na magoti vimevimba vina moto, homa kidogo na vipele mgongoni. Nyumbani wanasema baridi yabisi ya uzeeni ila mbona ghafla hivi? Duka la dawa wanataka kumpa Diclopa. Nimwachishe hizo za moyo?

Dokta Kijiweni: USIMWACHISHE. Stenti bado mpya, akikata dawa mwenyewe damu inaganda mle ndani inaziba, hapo ni moyo tena. Na Diclopa hapana, ina diklofenaki ya maumivu, ukijumlisha na hizo mbili anavuja damu tumboni, mpe panado tu kwa leo. Klopidogreli kuvimbisha viungo ipo, ni nadra, na mara nyingi inakuja ndani ya wiki mbili tatu za mwanzo na homa na vipele, yaani kama ulivyoeleza. Ya kolesto huwa inauma misuli zaidi. Ila homa na kiungo cha moto inaweza kuwa maambukizi pia, kwa hiyo kesho asubuhi kliniki ya moyo wampime damu, wao ndo watamhamishia tikagrelo au prasugreli, nazo za kufanya damu isigande, bila kuacha pengo.

Mama Chanja: Mama angu alivimba dole gumba tu, kumbe gauti, ile ya uric asidi kuzidi mwilini mpaka kiungo kinavimba, na aspirini ndogo nayo inaipandisha. Waambie wapime na hiyo.

Babu Tiba: Kitunguu swaumu na tangawizi, achemshe anywe kutwa mara tatu atapona

Dokta Kijiweni: Babu tulia, swaumu nyingi nayo inafanya damu isigande, huyu tayari yuko kwenye dawa mbili za hivyo.

Mtoto wa Mzee: Asanteni jamani. Tumeenda, wamesema inaelekea ni klopidogreli kweli, kahamishiwa tikagrelo na uvimbe umeanza kushuka, leo kafunga vifungo mwenyewe. Ila sasa analalamika pumzi inakata kidogo akikaa tu??

Dokta Kijiweni: Tikagrelo inafanyaga hivyo kwa baadhi ya watu, ila kwa mgonjwa wa moyo usikisie, wapigie sasa hivi. Kifua kikibana au akitoka jasho jembamba, emajensi moja kwa moja. Na ni asubuhi na jioni hiyo, asiruke ya jioni.